Simulia kwanza, onyesha baadaye: namna ya kutazama Noli Me Tangere ya kuimbwa ukiwa Iringa

Mara ya kwanza kuonyesha Noli Me Tangere, igizo la kuimbwa kutoka Ufilipino, niliiharibu mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa saba, kwenye ukumbi wa kigango huku Kihesa, baridi ile ya kukaa na blanketi mabegani hata ndani ya nyumba. Watu kama arobaini walikuja. Nilikuwa nimekaa pembeni ya shuka jeupe nililolitundika ukutani, nimeshika maikrofoni na karatasi za tafsiri, na kila mhusika alipofungua mdomo na mimi nilifungua wangu. Nilidhani ndiyo huduma. Akatoka Sisa, mama anayetafuta wanawe usiku, akaanza kuimba taratibu, nami nikaanza juu yake: "Sasa anasema, wanangu mko wapi, sasa anasema, rudini nyumbani." Bibi mmoja wa mstari wa mbele akageuka, akaniambia kwa upole: "Mwalimu, hebu nyamaza kidogo. Tumsikie."

Nikanyamaza. Lakini nusu ya wimbo ilikuwa imeshapita, na wimbo wenyewe ndio waliofuata watu.

Tangu siku ile nimeionyesha mara nne zaidi, Kihesa tena, Ilula, na Mafinga mara mbili, na sijashika maikrofoni wakati wa nyimbo. Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka ishirini na minane na kwaya muda mrefu kuliko huo, sasa nimestaafu. Haya ninayoandika ni kwa yeyote mwenye laptopu, ukumbi na watu wanaopenda hadithi, hasa mwalimu au kiongozi wa kwaya. Ukiyafuata, watu wako watalia mahali pa kulia, na hutahitaji kutafsiri hata mstari mmoja.

Kwa nini wenzetu hawahitaji kutafsiriwa

Kilichonifungua macho ni sista mmoja Mfilipino aliyefanya kazi misheni jirani kwa miaka kadhaa. Yeye ndiye aliyenipa rekodi kwenye flashi. Haikutoka kwenye jumba kubwa. Ni igizo lililofanywa na wanafunzi wa shule aliyosoma mpwa wake, likarekodiwa kwa simu na mzazi aliyekaa safu ya nne, na kuna kichwa cha mtu kinachokatiza kila mara upande wa kushoto. Nilipomlalamikia kwamba watu wangu hawakuelewa, aliniuliza swali moja: "Uliwasimulia kabla?" Nikasema hapana. Akashangaa kweli. Akaniambia kwao hakuna anayeingia ukumbini kwenda kujua kitakachotokea. Kila mtu anajua. Wanaenda kuona safari hii kitaimbwaje.

Na ni kweli kabisa. Riwaya yenyewe, Noli Me Tangere, iliandikwa na José Rizal na ikachapwa Berlin mwaka 1887. Alikuwa kijana wa miaka 25, daktari wa macho, mbali na kwao, na fedha ya kuchapa nakala 2,000 za kwanza alikopeshwa na rafiki yake, Máximo Viola. Mwaka 1956 Ufilipino ikatunga sheria, namba 1425, kwamba shule na vyuo vyote vifundishe maisha ya Rizal pamoja na riwaya zake mbili. Kwa hiyo mtoto wa kule anakutana na Sisa darasani kama mtoto wa huku anavyokutana na Sungura na Fisi. Mwaka 1995 kikundi cha Tanghalang Pilipino kilipoipandisha jukwaani kwa nyimbo, muziki ukiwa wa Ryan Cayabyab na maneno ya Bienvenido Lumbera, watunzi hawakuwa na kazi ya kueleza nani ni nani. Walitunga kwa ajili ya watu wanaojua. Igizo likarudishwa tena mwaka 2011, mwaka ambao Rizal angetimiza miaka 150, na shule nazo hucheza la kwao kila mara.

Basi tatizo letu si lugha. Sisi tunaingia mikono mitupu, wao wanaingia na hadithi nzima kifuani. Kazi yako wewe mwonyeshaji ni kuwapa watu hiyo hadithi kabla shuka halijawashwa.

Jioni ya kwanza ni ya kusimulia

Tenga siku mbili. Siku ya kwanza hakuna projekta, hakuna spika, ni kusimulia tu. Nilipojaribu kubana vyote kwenye jioni moja, watu walichoka kabla ya igizo. Siku mbili zinazofuatana, Jumamosi jioni na Jumapili baada ya ibada, zinafaa zaidi, maana hadithi inalala na watu usiku mmoja. Wanarudi wakiwa wameshaanza kubishana.

Usisimulie yote. Riwaya ina sura 63 na hitimisho lake, na ukitaka kumtaja kila mtu utawapoteza. Mimi nawataja sita: Ibarra, María Clara, Padre Dámaso, Padre Salví, Elías na Sisa. Watoto wawili wa Sisa, Basilio na Crispín, wanaingia pamoja na mama yao. Wengine wote ni "mtu mmoja tajiri", "mwanamke mmoja", "askari".

Naanza na chakula, kwa sababu Rizal mwenyewe ameanzia hapo. Kijana Ibarra amerudi Manila kutoka Ulaya baada ya miaka saba. Amealikwa karamu. Inaletwa supu ya kuku, wao wanaiita tinola, na katika kugawa, bakuli la Padre Dámaso linaangukia shingo na bawa gumu. Wenzake wanakula mapaja na minofu, na Ibarra amepata vya ndani vitamu. Padri anasukuma bakuli kwa hasira, na toka hapo maneno yake yote kwa kijana ni ya kuchoma. Nikifika hapo ukumbi wote wa kinamama unacheka na kutikisa kichwa, maana hakuna kijiji ambacho hajawahi kugomba mtu kwa sababu ya paja la kuku kwenye msiba au harusi. Wameshamjua Dámaso. Sihitaji kuwaambia ni mtu wa namna gani.

Halafu nashuka haraka. Baba yake Ibarra alifia gerezani akiwa na kesi. Alizikwa, akafukuliwa kwa amri ya padri. Mchimba kaburi alitakiwa aubebe mwili akauzike kwenye makaburi ya Wachina, lakini mvua ilikuwa kubwa na mzigo mzito, akautupa ziwani. Ibarra anayajua haya kwa kuuliza, akiwa amesimama makaburini na hapaoni pa kuweka hata ua. Hata hivyo halipizi. Anataka kujenga shule mji wa kwao, San Diego, na anataka kumuoa María Clara. Siku ya kuweka jiwe la msingi mtambo unaanguka ili umuue, Elías, mwendesha mashua, anamwokoa. Baadaye Dámaso anamtukana marehemu baba yake mbele za watu, Ibarra anachukua kisu, na María Clara ndiye anayemzuia. Anatengwa na Kanisa. Mwisho anasingiziwa maasi. María Clara naye anabanwa kwa siri ya kuzaliwa kwake mpaka anatoa barua aliyoandikiwa na mpenzi wake, na barua hiyo inafanywa ushahidi. Siri yenyewe siisemi jioni ya kwanza. Naacha waipate kesho yake, kwa sababu kitu kimoja kilichofichwa kinawafanya watu wakae macho.

Kwa Sisa ndipo ninapotumia muda, robo saa nzima kama inabidi. Wanawe, mmoja miaka kumi hivi na mwingine saba, ni watumishi wa kanisani, wanapiga kengele. Mdogo, Crispín, anasingiziwa kaiba vipande viwili vya dhahabu, thamani yake peso 32. Kaka yake analipwa peso 2 kwa mwezi. Waachie watu wapige hesabu wenyewe: miezi kumi na sita ya kazi, bila kula. Usiku huo huo mama yao anawasubiri na chakula. Ametafuta samaki wakavu wadogo, amechuma nyanya nzuri kuliko zote bustanini kwa sababu Crispín anapenda nyanya, na mzee mmoja jirani kampa kipande cha nyama ya nguruwe pori na mguu wa bata. Amepanga kila kitu vizuri. Anaingia mume wake, mcheza kamari, anakaa na kula vyote. Mama anawasha moto tena na kuchoma samaki watatu waliobaki.

Ilula niliposimulia hapo sikupata nafasi ya kuendelea. Ilula ni nyanya. Ukipita barabara kuu unaona matenga yamepangwa pande zote. Mama mmoja aliyekuja na kanga yenye madoa ya shambani akauliza: "Hakumwachia mtoto hata moja?" Nikasema kitabu hakisemi kama aliacha nyanya. Akasema, "Basi hakuacha." Kesho yake Sisa alipotokea kwenye shuka na kikapu mkononi, ukumbi mzima ulijua kikapu kile kilikuwa na nini. Binti aliyemwigiza alikishika kwa mikono miwili, karibu na tumbo, kama mtu anayebeba kitu cha moto, na hakukiweka chini hata alipoanza kuimba. Hakuna tafsiri ingeweza kuwapa watu wa Ilula kikapu kile. Waliingia nacho.

Maneno machache yanatosha

Igizo linaimbwa kwa Kifilipino. Rizal aliandika kwa Kihispania, lugha ambayo wengi wa watu wake hawakuweza kuisoma, kwa hiyo nyimbo hizi ni hadithi iliyorudishwa nyumbani. Waambie watu hilo, linawapa moyo: hata wenyewe Wafilipino wa leo wanaisoma riwaya hii kwa tafsiri.

Kisha wape maneno machache ya kuvizia. *Ina* ni mama. *Anak* ni mwana, na *anak ko* ni mwanangu. Sisi -ko ni ya mwenzako, wao ko ni yangu, kwa hiyo rudia mara mbili tatu mpaka iwaingie. *Puso* ni moyo. *Pag-ibig* ni mapenzi. *Diyos* ni Mungu. *Kalayaan* ni uhuru. *Bayan* ni mji, na ni watu wa mji, na ni nchi yenyewe, yote kwa pamoja, na utalisikia mara nyingi kwenye nyimbo za kundi.

Halafu kuna yale ambayo tayari wanayo. Meza yetu na *mesa* yao, bendera yetu na *bandera*, padri wetu na *padre*: sisi tuliyapata kwa Wareno kupitia pwani, wao kwa Wahispania, lugha hizo mbili ni ndugu. *Hukom* kwao ni hakimu, na sisi tuna hukumu, yote mzizi wake ni Kiarabu. *Salamat* ni asante, nayo ni jamaa ya salama. Vijana wanafurahia sana hapa. Mafinga walikaa na karatasi wanahesabu wanasikia padre mara ngapi.

Maneno haya nayaandika kwa maka pen kwenye karatasi kubwa, naibandika pembeni ya shuka. Hiyo ndiyo tafsiri yote ninayotoa sasa.

Kuhusu sauti na vifaa

Fedha yako iweke kwenye spika, usiiweke kwenye projekta. Picha ikiwa hafifu watu wanavumilia, hasa kama wanajua hadithi. Sauti ikikwaruza wanaondoka. Kodi spika mbili za kusimama na uziweke mbele, kwenye kona, usawa wa masikio ya waliokaa. Usitumie ile moja kubwa ya harusini, inameza maneno na kuacha besi tu. Jaribu mchana, ukumbi ukiwa mtupu, kisha ongeza sauti kidogo usiku, maana watu na mablanketi wanakula sauti.

Umeme ulikatika Mafinga katikati ya sehemu ya pili. Kuwa na jenereta, iwe nje, mbali na dirisha, na mtu wa kuiangalia awe ameshaambiwa hadithi ili asije kuuliza katikati. Kama huna, jua mapema utasimama wapi. Mimi nilisimama nikasimulia kilichobaki gizani, na kwaya ikaimba nyimbo mbili za kwao. Umeme uliporudi hakuna aliyekuwa ameondoka.

Jambo jingine: nyimbo hizi zina wenyewe. Tuliomba ruhusa kwa familia iliyorekodi na kwa shule, na hatutozi kiingilio. Tunachangia mafuta ya jenereta na chai.

Sikiliza kama mwanakwaya

Hapa watu wa nyanda za juu tuna mtaji mkubwa. Kuanzia Iringa mpaka Mbeya na Rungwe, nani hajaimba kwaya? Watu wetu wanatenganisha sauti nne bila kufundishwa upya. Kwa hiyo kabla ya kuonyesha nawapa kazi ya masikio.

Kazi ya kwanza ni kuhesabu. Wafilipino wana aina ya wimbo wa mapenzi unaoitwa kundiman. Unakwenda polepole, tatu-tatu: piga goti mara moja kwa nguvu, mara mbili kwa wepesi. Nusu ya kwanza inakaa upande wa huzuni, na nusu ya pili inageuka na kuwa angavu. Mwanakwaya anayesoma do-re-mi ataelewa upesi: wimbo unaanza nyumba yake ikiwa la, halafu unahama na kwenda kukaa do. Nilichukua wasichana wawili wa kwaya wakaimba mfano mfupi, wa kwanza akishika ile sehemu ya la, wa pili akaingia na do, na mzee mmoja wa besi akasema, "Kama jua linatoka kwenye ukungu." Huku kwetu ukungu wa asubuhi tunaujua. Sasa popote penye wimbo wa mapenzi wa mwendo huo, msikilizaji wako anasubiri jua litoke, na lisipotoka anajua kuna jambo.

Ndani ya riwaya María Clara anaimba akiwa kwenye mashua ziwani, anasindikizwa na kinubi, wimbo wa utamu wa kuishi katika nchi yako mwenyewe na utamu wa kufa kwa ajili yake. Mwambie msikilizaji aukumbuke anapomwangalia binti huyu, kwa sababu mwishoni anaingia utawani akiamini mpenzi wake amekufa, na hataonekana tena hadharani.

Kazi ya pili ni kumfuata anayerudi. Katika igizo la kuimba, wimbo uliousikia mwanzoni mara nyingi hurudi mwishoni kinywani mwa mtu mwingine, au kwa mtu yule yule akiwa amebadilika. Sisa akishapoteza akili, msikilize anaimba vipande tu. Katika rekodi yangu yule binti aliimba mistari miwili ya kwanza ya kubembeleza watoto, akasimama, akarudia neno moja tu, *anak*, *anak*, kila mara chini zaidi, mpaka ikawa kama mtu anayevuta pumzi. Kama hukuusikia wimbo mzima mapema, huwezi kujua kilichovunjika. Ndiyo maana nasema usiongee ule wimbo wa kwanza unapoimbwa.

Kazi ya tatu ni ya kundi. Wale watu wa mji wanaoimba nyuma msiwachukulie kama mapambo. Mji wa San Diego wenyewe ndio wao. Wanapiga umbea kwenye karamu, wanainamisha vichwa padri akipita, na wanamkimbia Ibarra siku anapotengwa. Angalia nani kati yao hainami.

Kabla hujaonyesha, nenda kwa paroko

Mimi ni Mkatoliki na ukumbi ni wa kigango, na katika igizo hili mapadri wawili ni watu wabaya sana. Usijifanye hulioni hilo, na usiwastukize watu. Nilikwenda kwa paroko wiki mbili kabla, nikamsimulia kama ninavyowasimulia wengine, na Dámaso na yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nionyeshe, ila niwaambie watu kwanza habari za mapadri wale watatu.

Ni hivi. Tarehe 17 Februari 1872, Wahispania waliwanyonga Manila mapadri watatu wa nchi hiyo, Mariano Gómez, José Burgos na Jacinto Zamora, wakisingiziwa kuchochea maasi. Rizal alikuwa mtoto wa miaka kumi, na kaka yake Paciano alikuwa akikaa na Padri Burgos. Riwaya ya pili ya Rizal, El filibusterismo ya mwaka 1891, ameiweka wakfu kwa hao watatu. Kwa hiyo mtu huyu hakuchukia upadri. Aliwaandika watawa wa kutoka Hispania waliokuwa mapadri na wenye mashamba makubwa na wenye mamlaka ya mji, wote kwa mtu mmoja, katika nchi iliyotawaliwa kwa zaidi ya miaka 300. Hasira yake ilikuwa hapo.

Jina la riwaya nalo linasaidia sana kwa waumini. Ni Kilatini, na wote wanalo kwenye Biblia zao: Yohana 20:17, Bwana anamwambia Maria Magdalena, "Usinishike." Mwombe mtu asimame asome. Kisha eleza kwamba Rizal, daktari, alikuwa anasema habari ya donda baya la nchi yake, linalouma hata likiguswa kidogo. Katika maneno ya kuiweka wakfu kwa nchi yake anasema atafanya kama watu wa kale, waliomlaza mgonjwa kwenye ngazi za hekalu ili kila apitaye atoe wazo la dawa. Nikisema hivyo ukumbi unatulia. Anayekuja na uchungu kuhusu padri kwenye shuka anaanza kuona ngazi.

Watoto wadogo sikatai, ila kipigo cha Crispín nakipitisha haraka na wazazi naambia mapema.

Baada ya taa kuwaka

Chai iwe tayari, yenye tangawizi, na viazi vya kuchemsha au maandazi. Usiwaulize watu "mmejifunza nini." Nimefundisha miaka mingi na najua swali hilo linavyofunga midomo. Mimina chai, kaa, ngoja mzee aanze.

Kihesa, mara ya pili, alianza mzee mmoja Mhehe ambaye sikumtarajia, amekaa nyuma na koti lake zito. Hakuuliza habari za mapenzi. Alirudi kwenye mwili uliofukuliwa. Akasema: "Yule kijana alikwenda makaburini akakuta baba hayupo." Akanyamaza. Halafu: "Sisi tulikaa miaka hamsini na sita." Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili Wajerumani wasimkamate, wakachukua kichwa chake, na fuvu lilirudi mwaka 1954. Leo liko Kalenga, mwendo mfupi kutoka hapo tulipokaa. Rizal alipigwa risasi Manila tarehe 30 Desemba 1896, akazikwa kaburi lisiloandikwa jina. Umepita mwaka mmoja na nusu hivi kati ya vifo hivyo viwili. Tarehe hizo zote mbili nilikuwa nazijua na sikuwahi kuziweka pamoja. Mzee aliziweka kwa sababu ya kaburi tupu kwenye shuka.

Kwa hiyo ukionyeshea kwenye eneo lenye kaburi la aina hiyo, usilitaje wewe. Acha nafasi.

Swali ambalo lazima ulijibu ni la Basilio, kila ukumbi wanaliuliza. Mwisho wa hadithi ni usiku wa kuamkia Noeli, msituni. Mtoto anamfuata mama yake ambaye akili imempotea na anamkimbia. Anamfikia, mama anamtambua, anamkumbatia, na anafia pale pale. Elías naye yuko pale na jeraha la risasi, anakufa kabla hajaona alfajiri ya nchi yake. Mtoto anabaki peke yake na maiti mbili na usiku. Taa zikiwaka hapo, watu hawainuki.

Ilula ni yule yule mama wa nyanya aliyeniuliza. Chai yake ilikuwa imepoa mkononi. "Na mtoto?"

Nikamwambia kuna kitabu cha pili, miaka kumi na mitatu baadaye. Basilio amekua, yuko Manila, anasomea udaktari.

"Kaburi la mama yake analijua?"

Nikasema ndiyo, analijua, kitabu kinamwonyesha mapema anakwenda kulizuru usiku wa Noeli. Akatikisa kichwa, akanywa ile chai yote baridi kama ilivyo, akaanza kukunja blanketi lake.